Mpiga picha aliyetundika ubwiriunga ukutani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mwanasha Fakihi amelala kifudifudi chini ya mkorosho, kijijini Mnyambe, wilayani Newala. Kanga yake imelowa umande kuanzia kifuani hadi magotini. Ameishika simu kwa mikono miwili, karibu kabisa na gome la mti, na hana habari na mtu.

Wanawake wawili wanapita na ndoo zao za maji. Wanamsalimia, anaitikia bila kuinua kichwa. Mgeni angedhani mama wa watu kaanguka, akakimbilia kumnyanyua, lakini wenyeji wameshazoea. Mmoja anamwambia mwenzake kwamba Mama Ziada yuko kazini, wanaendelea na safari yao.

Hana muda wa kupoteza. Ni mwezi wa saba, mikorosho imetoa maua, na muda si mrefu mashine za kupulizia salfa zitaanza kunguruma shamba hadi shamba. Dawa hiyo ya unga hupulizwa mapema, majani yakiwa bado na umande, ili ishike. Vumbi lake la njano likishatanda, hakuna picha tena.

"Mimi na watu wa salfa tunagombania nusu saa hiyo hiyo," anasema akijikung'uta mchanga. "Wao wakinitangulia, siku yangu imekwisha. Basi huwa naamka kabla ya jogoo wao."

Mwanasha ana umri wa miaka 34 na mtoto mmoja wa kike, Ziada. Duka lake la picha na stesheneri liko jirani na stendi ya Newala mjini, chumba kimoja chenye pazia jeupe la kupigia picha za paspoti, printa mbili, na kompyuta ambayo kitufe chake cha kuwashia kimebandikwa plasta ya kidonda. Mkate wake wa kila siku unatokana na paspoti, kadi za harusi na fulana za misiba.

Kazi anayoipenda ni nyingine. Anapiga picha za vitu ambavyo wengi wetu tunavikanyaga: gome lililopasuka, jani lililotobolewa na wadudu, mchanga baada ya mvua, ganda la bibo, tunda la mkorosho, lililokauka. Kisha anavifungua kwenye programu ya kuhariri picha, anakata kipande hapa na pale, anakiweka kimoja juu ya kingine, anakififisha cha juu ili cha chini kichungulie, anageuza rangi, anarudia. Picha moja hubeba vipande kati ya thelathini na sitini.

Kinachopatikana hakina jina. Mwandishi wa makala haya alisimama mbele ya moja kwa dakika kadhaa, akaapa kwamba ni mto unaoonekana kutoka kwenye ndege. Kumbe ni ubavu wa jani la mkorosho. Mwanasha alicheka sana, na haikuwa mara ya kwanza kumcheka mtazamaji.

"Humo ndani hamna mti," anasema. "Lakini kila kilichomo kimetoka kwenye mti."

Kazi yenyewe ilianza kwa kufuta. Miaka saba iliyopita, akiwa ameajiriwa kwenye stesheneri moja mjini Masasi, alipewa jukumu la kurekebisha picha za harusi. Maharusi wa huku hupigwa picha palipo na nafasi, na palipo na nafasi pana mikorosho. Lakini wakija kuchukua picha zao hawataki kuiona. Wanataka maporomoko ya maji, maghorofa ya Dubai, na yupo mmoja aliyeomba theluji.

Basi Mwanasha alishinda akiifuta mikorosho nyuma ya mabibi harusi. Roho ikamuuma. Kila tawi alilolikata alilihifadhi kwenye folda aliyoipa jina Takataka, na siku moja umeme ulipokuwa imara na wateja hakuna, akaifungua folda ile na kuanza kupanga vipande vyake. Alipoinua kichwa, mwajiri wake alikuwa anafunga mlango.

Sanaa hiyo haikumpa kitu kwa muda mrefu. Mwezi mzuri duka humwachia kama Sh350,000 baada ya kulipa pango, mwezi mbaya hata Sh120,000 hazifiki, na zote hizo ni za paspoti na kadi. Katika miaka mitano ya kwanza aliuza picha zake nne tu. Mnunuzi mmoja alikuwa anataka fremu. Aliitoa picha palepale dukani, akaweka ya mkewe.

Lakini kilichomkera zaidi ya pesa ni baba yake. Mzee Fakihi Nasibu, 68, mkulima wa mikorosho 83 hapo Mnyambe, tangu mwanawe afungue duka lake miaka mitatu iliyopita, alikuwa akija mjini lazima apitie dukani. Atavuta kiti, atageukia barabarani, atauliza habari za mjukuu. Ukuta wote nyuma yake umejaa picha za mwanawe, wala hakuwahi kugeuka kuitazama hata moja.

"Nilijua ananionea aibu," anasema Mwanasha. "Watu wanamwuliza mwanao anafanya nini, aseme nini, anapiga picha magome? Nikanyamaza, lakini moyoni niliumia."

Mwaka jana, mwezi wa tano, alikuja mteja wa namna nyingine. Mwalimu Ethel, mwalimu mstaafu wa Lulindi, alikuwa Newala kumwona dada yake, akapita kupiga paspoti. Alikaa mbele ya pazia, akaambiwa atazame kamera, yeye akawa anatazama ukutani. Picha tatu ziliharibika kwa sababu hiyo.

Mwalimu Ethel alikuwa anamalizia gesti yake ya vyumba vinane mjini Masasi, na hakutaka kuweka yale maua ya plastiki wanayoweka wenzake. Aliagiza picha nane, moja kwa kila chumba, Sh45,000 kila moja pamoja na fremu. Mwanasha anasema alipobaki peke yake alifunga mlango akacheza.

Habari zilipofika Mnyambe, Mzee Fakihi aliweka sharti. Mavuno yalikuwa yanashuka mwaka wa tatu mfululizo, wanawe wa kiume wako Dar es Salaam, na yeye anachoka. Alimwambia binti yake kwamba kazi hiyo ikikubaliwa hatasema neno tena. Ikikataliwa, aache michezo, abaki na paspoti zake siku mbili kwa wiki na siku zilizobaki aje shambani. Mwanasha alikubali, tena mbele ya mama yake.

Akaanza kazi kwa bidii zote. Alitaka rangi za kupumzisha macho ya mgeni aliyechoka, nyeupe ya maziwa na kijivu cha mawingu, na rangi hizo alizipata shambani kwa baba yake, kwenye machipukizi na mashada ya maua. Alisogeza simu karibu mpaka weupe ule ukawa kama vumbi la mwezini. Akapiga picha zaidi ya mia nne.

Mkulima yeyote anayesoma makala haya ameshashika kichwa. Weupe ule ulikuwa ubwiriunga, ugonjwa unaofunika chipukizi na maua ya mkorosho kwa unga mweupe, kisha maua yanakauka na kuwa meusi, na korosho hazishiki. Mwanasha amezaliwa chini ya mikorosho. Alibeba mifuko ya salfa kichwani kabla hajajua kusoma. Inakuwaje mtu kama huyo asiuone?

"Nilisogea karibu mno," anajibu, bila kujitetea. "Ukiwa mbali unaona ugonjwa. Ukisogea unaona rangi. Mimi nikabaki na rangi kwa miezi miwili, nikaipamba, nikaipenda. Sikumbuki kama neno ubwiriunga lilinijia hata mara moja."

Siku ya kubariki gesti, mwishoni mwa mwezi wa nane, Mwalimu Ethel alialika padri, majirani, na wakulima aliowafundisha walipokuwa watoto. Mzee Fakihi naye alikuja, amevaa kanzu yake ya Idi, akakaa karibu na mlango. Wageni walianza kuzunguka vyumba huku wanakula pilau. Fundi Gerson, aliyetengeneza zile fremu, alikuwa anapokea pongezi utadhani picha ni zake.

Kwenye chumba namba tatu aliingia Selestini, mkulima wa Chiungutwa. Alisimama mbele ya picha kubwa nyeupe. Akaipitishia kidole, halafu akakisugua kidole kile na gumba, kama mtu anayetafuta unga.

"Huu ubwiriunga," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, wala hakuwa na nia mbaya: "Shamba la nani hili limeachwa hivi?"

Neno likatembea chumba hadi chumba. Watu wakarudi kuzitazama upya, wakaukuta ugonjwa kwenye picha ya pili, na ya tano, na zote. Wengine walicheka mpaka pilau ikawapalia. Bibi mmoja alikataa katakata kukaa kwenye kitanda kilichokuwa chini ya picha, akaenda kukaa uani. Mzee Fakihi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Mwanasha, aliyejua shamba ni la nani, alitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu Ethel hakumfokea. Alisubiri wageni waondoke, akazitungua picha zote nane kwa mikono yake, akazipanga sakafuni zimegeukia ukuta. Kisha akamwita.

"Mwanangu, hapa watalala watu wa mnada wa korosho. Mtu amehangaika na mikorosho mwaka mzima, amekuja kuuza, unamlaza chini ya ubwiriunga? Hata kama ni mzuri?"

Mwanasha anasema maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomzuia asilie. Mwalimu Ethel alimpa hadi minada ianze, mwezi wa kumi, alete nyingine. Isipowezekana, atanunua maua ya plastiki.

Walirudi Newala kwenye gari la jirani. Baba na binti walikaa kiti kimoja.

Asubuhi iliyofuata Mzee Fakihi alikuja dukani. Mwanasha alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasubiri kukumbushwa ahadi yake. Lakini safari hii mzee hakugeukia barabarani. Alikisogeza kiti hadi mbele ya kompyuta na kumwambia aifungue ile picha aliyoigusa Selestini.

Akaifungua. Mzee akasema aikuze. Akaikuza. Akasema aikuze tena, na tena, mpaka jani moja likajaa kioo kizima. Hapo Mzee Fakihi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akagusa doa jeupe kwa ncha ya kidole.

"Kumbe uliingia mapema hivi," alisema. "Jani la wapi?"

"La kwako, Baba. Mti wa kona, mwezi wa sita mwanzoni."

Anayelima mikorosho kwa miaka arobaini hahitaji kuonyeshwa dalili za kwanza za ubwiriunga na binti yake. Anahitaji kuonyeshwa tu kama hazioni. Mwanasha anasema alilijua hilo kabla baba yake hajafungua mdomo.

"Macho yangu yana ukungu mwaka wa tatu huu," Mzee Fakihi alimwambia. "Nilikuwa sitaki mjue. Salfa nilipuliza kwa kukisia, nikisikia mashine ya jirani nami nawasha yangu. Na picha zako sijazidharau, mwanangu. Sizioni."

Miaka yote ile ya kugeukia barabarani, ukuta ule kwake ulikuwa ukuta tu. Walilia wote wawili, anasema Mwanasha, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti aliwakuta hivyo akarudi zake akidhani kuna msiba.

Ahadi ilibaki pale pale. Mzee ni mtu wa neno lake, na binti kamrithi. Picha zilikuwa zimekataliwa, na kabla ya minada zilibaki wiki tano. Ndipo Mwanasha alipomwuliza baba yake swali ambalo hajawahi kumwuliza mkulima yeyote: katika vyote alivyokuwa akiviona shambani zamani, ni kipi anakitamani zaidi?

Alitegemea ataambiwa maua, au mabibo mekundu. Mzee Fakihi alisema chini ya mkorosho palipofagiliwa.

Nani asiyepajua? Mwezi wa tisa, kabla korosho hazijaanza kudondoka, kila kaya hufyeka majani na kufagia chini ya miti ili korosho zianguke mahali safi, zionekane. Ufagio wa vijiti unaacha mistari kwenye mchanga mwekundu, na kila mfagiaji ana mistari yake. Mzee alisema kabla hujapatia mguu pale, ni mahali pazuri kuliko sebule ya mtu yeyote.

Mwanasha, aliyezoea kulala chini, akalazimika kupanda juu. Mama yake, Bi Rukaiya, alifagia mti baada ya mti, na yeye akawa juu matawini anapiga picha za mchanga, mistari, na vivuli vinavyoupita mchanga ule jua likipanda. Bi Rukaiya alimwonya kwamba akianguka hatabebwa, kuna kazi.

Dukani alipandisha mistari juu ya mistari, kivuli juu ya kivuli, na hapa na pale ngozi ya bibo la kwanza, la njano. Jioni alikuwa anamsimulia baba yake kwa simu amefika wapi, na mzee akawa anatoa amri kama fundi mkuu. Safari hii Mwanasha alikuwa na kanuni moja. Kila picha aliiweka mbali, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara, akaitazama kutoka kule kupitia mlangoni.

Mwalimu Ethel alizipokea siku nne kabla ya mnada wa kwanza. Alizitazama moja moja na miwani yake, akauliza ni nini. Mwanasha hakumwambia. Aliomba ziachwe ukutani bila maelezo, wenye korosho waje waamue wenyewe.

Wiki iliyofuata Selestini wa Chiungutwa alikuja mnadani, usiku ukamkuta Masasi, akalala gesti. Kwa kusudi au kwa bahati, alipewa chumba namba tatu. Asubuhi, akinywa chai, alimwambia Mwalimu Ethel kwamba ameitazama ile picha mpaka usingizi ukampitia.

"Huyu aliyefagia anatumia mkono wa kushoto," alisema. "Na shamba lake safi."

Bi Rukaiya ni shoto tangu utotoni. Mwalimu Ethel alipiga simu Newala, Mwanasha akapiga Mnyambe. Mzee Fakihi alimwomba ayarudie yale maneno ya pili. Akayarudia. Mzee akasema kwamba yeye neno lake amelitimiza, hatasema tena kuhusu kazi hiyo.

Hajasema, ila anaisimamia. Msimu huu kila Jumamosi Mwanasha hupita mstari kwa mstari akipiga picha machipukizi, kisha anamkuzia baba yake kwenye kioo, na mzee anaamua mti upi upulizwe na lini. Tulipotembelea shamba maua yalikuwa safi hata kwenye mti wa kona. Mzee Fakihi hataki kusifia mapema. Anasema korosho huhesabiwa zikiwa ghalani.

Kwa upande wa picha, tangu mwezi wa kumi Mwanasha amepata oda kumi na moja, ikiwamo ya zahanati binafsi mjini Masasi na ya Selestini mwenyewe, aliyetaka mistari ya ufagio wa mkewe. Zile nane za kwanza hajazifuta. Anataka siku moja azitundike mahali wakulima wanapokusanyika, kwa jina lao kamili la ubwiriunga, wazipitishie vidole wakitaka. Pia ana mpango wa kununua mashine yake ya kuchapa picha kubwa, asiwe anazifuata Mtwara.

Lakini ukimwuliza anasubiri nini hasa, anataja mwezi ujao. Mzee Fakihi amepangiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Daktari amemwambia ukungu ule unatoka, na jicho lina matumaini.

Mzee mwenyewe tulimkuta amekaa kwenye kigoda, ufagio wa mkewe umelala miguuni pake. Tulimwuliza akifunguliwa bandeji angependa kuanza kuona nini. Alisema mikorosho ameiona vya kutosha, haitakimbia.

"Nimemwambia anitengenezee moja, asinisimulie ina nini," alisema. "Aitundike pale dukani, nami nisimame mbali kidogo, kama wanavyosimama watu. Na safari hii asinikuzie."

Mwanasha ameshaianza. Imefikia vipande arobaini na vitatu, na mara mbili ameivunja na kuanza upya.

"Naiogopa," anasema. "Mwalimu Ethel angekataa, ningetafuta mteja mwingine. Huyu nimemsubiri miaka saba."